Mnyororo Kwenye Mlango wa Uani

Bi Tufani alifumba macho, akayafumbua. Mnyororo ulikuwa pale pale.

Ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, umepitishwa kwenye vipete vya mlango wa uani, na kufuli asilolijua likining'inia katikati kama ulimi wa mtu anayemdhihaki. Hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita, ewe msomaji, na hapo ndipo tunapomkuta: kichochoroni, asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi yake mwenyewe, na nyuma yake wanawake wenziwe, kila mmoja na aproni yake ya mpira begani.

"Leteni nyundo," akasema.

"Nyundo ya nini?" akajibu Kicheko. "Nipisheni niukalie. Mnyororo gani duniani uliowahi kunistahimili?"

Kicheko alikuwa mwandani wake tangu siku walipoingia nchi ile. Mwanamke wa mapana na marefu, ambaye akicheka huku, mtaa wa pili huuliza kuna arusi ya nani. Leo alicheka peke yake.

Aliyejiunga nasi leo na ajue haya machache, kisha tuendelee.

Kila aliyefua nguo katika mtaa ule alikuwa mgeni wa nchi ile. Tofauti yao ilikuwa moja tu: nani aliwahi kufika. Mkupuo wa kwanza walikaa dirishani, mikono mikavu, wakipokea nguo na kuzitoa. Mkupuo wa pili walisimama pasini. Waliochelewa, ndio hawa kina Bi Tufani, walitiwa majini, huko uani, penye mapipa ya maji ya moto na magadi yanayokula ngozi.

Na desturi ilikuwa hii: hupandi daraja mpaka waje wengine wa kukaa chini yako. Watu wa Pasi walitoka majini siku ile Watu wa Maji walipoingia. "Ngojeni zamu yenu," mwajiri wao, Bwana Dirisha, alikuwa akiwaambia kwa upole. "Sote tulingoja."

Wakangoja. Kisha nchi ikafunga malango yake. Hakuja mkupuo wa nne. Hakuja mtu yeyote. Zamu ikawa njia isiyokuwa na mwisho, na anayeihubiri yu mwanzoni mwake, kivulini, na maji baridi mkononi.

*Wangoja zamu ya maji, hufa kiu kisimani,*
*Na mwenye kata, mnywaji, awambia: Subirini.*

Subira ni ibada, wala hakuna hapa anayelikanusha hilo. Lakini subira unayohubiriwa na aliyeikalia haki yako si ibada; ni mto wa yeye kulazia kichwa.

Bi Tufani, aliyepewa jina hilo na Bwana Dirisha mwenyewe kwa kuwa alithubutu kuuliza maswali siku yake ya kwanza, alikoma kungoja. Alikodi jengo tupu lililoelekeana na la Bwana Dirisha, barabara ikiwa kati. Nyumba ya wageni iliyo kubwa kuliko zote mtaani ikakubali kumjaribu kwa shuka za siku moja: zije asubuhi, zirudi jioni zimetakata na kupigwa pasi. Zikirudi vyema, kazi ni yake. Zisiporudi, kazi inabaki kwa Bwana Dirisha, na wanawake hawa watarudi majini kwa kupiga magoti.

Ndipo asubuhi hiyo, mnyororo.

Honi ikalia upande wa pili wa jengo.

"Gari la shuka!" akapiga kelele mmoja wao. "Limesimama barabarani!"

"Mwambieni dereva azunguke huku uani!"

"Azunguke na nini?" akauliza Kicheko. "Kichochoro hiki hata mimi napita kwa ubavu."

Honi ikalia tena, ndefu, ya mtu asiyekuwa na subira. Bi Tufani aliukamata mnyororo kwa mikono miwili, akautikisa mpaka vumbi la kutu likamwagika. Mlango haukumjali.

Mara wakasikia mkongojo ukigonga mawe. Aliyekuwa akija alikuwa kikongwe mfupi, mgongo umepinda kama kishikio cha ndoo, na macho makali yasiyojua kuwa mwili umezeeka. Wote walimfahamu. Alikuwa Bi Mkubwa, mama mzazi wa Bwana Dirisha, aliyeishi ghorofani juu ya dirisha la mwanawe, na aliyekuwa hatoki nje ila kwa jambo zito.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mnafanya nini huku?"

"Tumefungiwa mlango, mama," akasema Bi Tufani.

"Mlango upi?"

"Huu hapa."

"Huu nauona, sijapofuka. Na ule wa mbele?"



Bi Mkubwa akaupiga mkongojo chini. "Nawauliza ninyi! Nimekaa roshanini naona gari linapiga honi, naona mlango mpana wa mbele hauna hata uzi, nikasema hawa wamekufa? Kumbe wako nyuma ya nyumba yao wenyewe, wamejipanga kama kuku wanaongoja makombo!"

Bi Tufani alihisi masikio yakimwaka moto. Juma zima walikuwa wakiingia na kutoka: walipaka chokaa, walibeba mapipa, walifunga kamba za kuanikia. Kila mara kwa mlango wa uani. Hakuna aliyewaamuru. Tangu waingie nchi ile, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia kazini kwa kutokea barabarani, na miguu ikishafundishwa njia haikingoji kichwa kiamue. Mwenye jengo alimpa funguo mbili katika pete moja. Ule mkubwa alidhani ni wa ghala.

Na aliyefunga mnyororo? Naye alifanya kosa lile lile! Aliambiwa awafungie Watu wa Maji mlango, akaufunga mlango pekee ambao akili yake iliweza kuwawazia.

"Mwanangu na ninyi," akasema Bi Mkubwa, "ni wapumbavu wa chungu kimoja. Kimbieni!"

Walikimbia.

Waliizunguka kona wakiwa wameshika magauni, aproni zikipigapiga mapajani, Kicheko nyuma akihema na kulaani viatu vyake. Walipotokeza barabarani, Bi Tufani aliona jambo lililomfanya azidishe mbio.

Bwana Dirisha alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Suruali yake imenyooka, tai imekaa, na mkono wake laini umetua juu ya furushi la kwanza la shuka.

"Niachie mimi, kijana," alikuwa akimwambia dereva. "Hawa hawapo. Ndiyo tabia yao. Mimi sijawahi kuchelewesha shuka."

"Toa mkono!" akapiga kelele Bi Tufani.

Bwana Dirisha aligeuka. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona maiti akitembea. Kisha akatabasamu.

"Bi Tufani. Umetokea wapi?"

"Barabarani. Imenikubali."

"Dereva anaondoka. Mlango wako umefungwa."

"Mlango upi, Bwana Dirisha? Mbona unajua upi umefungwa na mimi sijakwambia?"

Watu walikwisha kuanza kusimama. Dereva aliacha kupiga honi, akakuna shingo. "Mimi sitaki ugomvi wenu. Msimamizi wa nyumba ya wageni kaniambia hivi: shuka ziingie kwenye mlango ulio wazi. Wenu uko wazi?"

"Utakuwa wazi sasa hivi."

Bi Tufani aliuingiza ule ufunguo mkubwa kwenye tundu. Uliingia. Haukuzunguka. Akaukaza, ukagoma. Kitasa kilikuwa kimelala miaka na kutu yake, wala hakikuwa na nia ya kuamshwa.

"Ona," akasema Bwana Dirisha, akilivuta furushi. "Hata mlango wenyewe unajua."

"Nipishe," akasema Kicheko. Aliuchomoa ufunguo, akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kipande cha sabuni kilichobaki wembamba wa ukucha. Akaupaka ufunguo sabuni juu na chini, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Akaurudisha. Akaushika kwa kiganja kilichokamua mablanketi ya nusu ya mji ule, akazungusha.

Kitasa kililia. Kisha kikaachia, naye akauchomoa ufunguo.

Mlango ulifunguka pa! Mwanga wa barabara ukaingia ndani mpaka kwenye mapipa, na kwa mara ya kwanza wanawake wale wakaona chokaa yao ilivyokuwa nyeupe.

"Uko wazi," akasema dereva, akaanza kupakua.

Ungedhani Bwana Dirisha angekubali yaishe. Hukumjua. Alisimama kizingitini, akapaza sauti ili mtaa mzima umsikie, na sauti yake haikuwa ya mtu mwovu. Ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Nani aliwapokea mliposhuka hamna hata viatu?"

"Wewe," akajibu Bi Tufani.

"Nani aliwapa pa kulaza watoto?"

"Wewe. Nasi tukakulipa kwa hii." Aliinua viganja. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo, nyekundu na nyeupe. "Hatukukana fadhila yako, Bwana Dirisha. Tunakana kuwa fadhila ni kamba."

"Mnataka kuruka zamu! Watu wangu hawakuruka. Mama yangu alianza na beseni moja, akangoja. Beseni lile limetundikwa ukutani kwangu, kila mtu hapa amelisoma neno lililo chini yake!"

"Neno gani?" ikauliza sauti nyembamba.

Bi Mkubwa alikuwa amefika. Umati ulimfungulia njia.

"Mama, rudi ndani. Jua kali."

"Nimekuuliza neno gani limeandikwa chini ya beseni langu. Mimi maandishi ya nchi hii hayakunijua, nami sikuyajua."

"Subira, mama."

"Subira!" Kikongwe alitema neno lile kama mbegu. "Nani kakwambia nilingoja? Tulipofika sisi, kazi ya kufua ilikuwa na wenyewe. Wakatuambia ngojeni. Nikangoja mpaka maziwa yakanikauka kifuani, na wewe huyu mwenye tai unalia mgongoni. Basi nikachukua beseni lile, mimi na wenzangu, tukaenda kufulia kwenye ngazi za hoteli. Ngazi za mbele! Mchana, wageni wakipita! Povu likawaingia viatuni. Tulitukanwa matusi ambayo mpaka leo siyajui maana yake, na hatukuondoka mpaka tulipopewa chumba." Alihema. "Beseni lile si la subira, mwanangu. Ni la ubishi."



Kicheko alitaka kumkumbatia. Kikongwe akainua mkongojo. "Unikome! Msinishukuru. Siwapendi hata kidogo. Shuka mnaanika kama mnatupa maganda. Nikitoka hapa nakwenda kusali nimwombee mwanangu awashinde. Ila awashinde kwa kufua!"

Akageuka, akaenda zake, taratibu, mkongojo ukigonga mawe.

Bwana Dirisha aliinamisha kichwa. Wanawake wakaanza kuingiza mafurushi, mmoja akaanza hata kupiga vigelegele. Walishangilia mapema mno. Kwani alipoinua kichwa chake, Bwana Dirisha alikuwa ametulia kama mchezaji aliyebakiwa na karata moja, na karata yenyewe ni turufu.

"Vyema," akasema. "Fueni. Nani atapiga pasi?"

Vigelegele vikakatika.

"Shuka za nyumba ya wageni hukunjwa kwa pembe nne kali. Mikono ya maji haijui pasi. Mimi mwenyewe nilihakikisha haijui. Na Watu wa Pasi wote ni wangu. Hakuna hata mmoja atakayevuka barabara hii." Akageuka. "Si ndivyo, Mkunjo?"

Wote wakageuka naye.

Mkunjo alisimama kwenye ngazi za Bwana Dirisha. Yeye alikuwa mkuu wa Watu wa Pasi, mwanamume mkimya mwenye mvi za mapema, ambaye mkunjo wa suruali aliyoipiga pasi, watu walisema, ungekata kitunguu. Hakuna aliyewahi kumwona na doa. Lakini leo Bi Tufani alimtazama vizuri, na kwenye pindo la mkono wa shati lake jeupe akaona alama nyeusi ya grisi na kutu.

"Kaka Mkunjo," akasema polepole. "Ni wewe."

Mkunjo aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nimefunga mimi," akasema. "Aliniahidi dirisha."

"Nami ni mtu wa ahadi," akasema Bwana Dirisha. "Miaka yote hii umelililia. Nenda sasa hivi, simama dirishani, watu wakuone."

Mkunjo alivuka kizingiti, akaingia. Kitambo kikapita. Kisha akatokea: nyuma ya meza iliyong'arishwa, katika fremu ya dirisha lile ambamo hakuna mtu wa mkupuo wake aliyewahi kusimama. Aliweka viganja juu ya meza. Akatazama barabarani. Akatazama juu ya kichwa chake, mahali beseni lilipotundikwa, akalitazama kwa muda mrefu.

Kisha dirisha likawa tupu.

"Kaenda wapi?" akanong'ona mtu.

Mkunjo alitoka kwa mlango wa mbele. Mkono wa kulia alishika pasi yake mwenyewe, ile nzito ya mpini mweusi. Mkono wa kushoto, mfuko wa vifaa vyake. Akavuka barabara. Hakumtazama Bwana Dirisha.

Alifika kwenye kizingiti kipya cha Bi Tufani, akasimama. Akautoa ufunguo mdogo wa kufuli, akauweka chini, miguuni pa wanawake.

"Nikiingia, dada," akasema, "nitaanzia wapi?"

"Majini!" wakapiga kelele wanawake kwa kinywa kimoja.

"Aanzie majini! Ayaonje!"

"Apewe pipa la magadi!"

Na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Kicheko. "Ndiye huyu! Ndiye aliyekuwa akinirudishia nguo, 'hazijatakata, fua tena', na zimetakata kama theluji, ili tu nijue kuwa yeye yuko juu! Sema si kweli!"

"Ni kweli," akasema Mkunjo, macho chini.

Kutoka ng'ambo ya barabara kikasikika kicheko kikavu. Bwana Dirisha alikuwa amekwisha kurudi kwenye ngazi zake. "Mwambie, Bi Tufani! Mwambie aanzie majini! Tuone kama hujawa mimi kabla ya adhuhuri!"

Maneno yale yalimchoma Bi Tufani mahali pasipofikiwa na matusi. Kwani alikuwa amekwisha kufungua kinywa, na neno lililokuwa nchani mwa ulimi wake lilikuwa lile lile: majini. Alilitamani. Alilitamani kama mwenye njaa anavyotamani mkate. Akalimeza.

"Utaanzia pasini," akasema.

"Nini?" akapiga ukelele Kicheko.

"Pasini, kwa sababu ndiyo kazi unayoiweza, na shuka zinangoja. Kesho utaingia majini, nami nitakuonyesha, na wewe utanifundisha pasi. Dirishani tutakaa sote kwa kupokezana. Mlango huu umefunguka leo. Hakuna aliyemtangulia mwenziwe kuingia. Hapa hakuna mkupuo wa kwanza."

"Alitufungia mlango!"

"Najua. Ndiyo maana hatumfungii."

Wanawake walinung'unika, lakini mmoja akachukua furushi, wa pili akafuata. Kicheko hakusogea. Uso wake mpana, ambao hakuna aliyewahi kuuona bila tabasamu, ulikuwa umejikaza kama shuka lililokamuliwa.

"Mimi," akasema, "mgongo wangu umekuwa meza ya kila mtu kupigia pasi. Nimefua wewe ukiwa na homa. Nimekubebea pipa lako na langu. Mwenzangu, leo umesimama kati yangu na huyu, ukamchagua yeye?"

"Kicheko..."

"Usiniite."

Bwana Dirisha hakuhitaji kuambiwa kuwa moto umeshika. Aliufungua mlango wake wa mbele, ule mlango wa vioo ambao hakuna mwanamke wa majini aliyewahi kuupita, akausukuma mpaka mwisho.

"Mama!" akamwita Kicheko. Mama! Aliyekuwa akimwita 'wewe wa pipa la tatu'! "Yeyote asiyetaka kufanya kazi bega kwa bega na aliyemfungia, avuke. Namweka dirishani leo. Leo hii, si kwa zamu!"

Kicheko alivua aproni. Akaiangusha.

Na akavuka.

Bi Tufani alimtazama akipanda ngazi zile, akiingia kwa mlango wa vioo kwa mapana yake yote, akitokea dirishani pale pale alipokuwa Mkunjo. Alitaka kumfuata, amwangukie miguuni mbele ya watu wote. Ndipo Mkunjo alipomgusa bega.

"Dada. Kitasani hamna kitu."

Bi Tufani akageuka. Tundu la kitasa lilikuwa tupu.

Ufunguo wa mlango wa mbele, uliopakwa sabuni, ulikuwa bado mkononi mwa Kicheko.

Bwana Dirisha aliliona hilo wakati ule ule. Walimwona akisogea karibu na mwanamke yule dirishani, akinyoosha kiganja chake laini, akisema jambo la taratibu. Atakayeushika ufunguo ule jioni, kesho asubuhi hatahitaji mnyororo kuwafungia.

"Atupe!" wakalia wanawake. "Mwombe aturudishie! Mwite, Bi Tufani, wewe atakusikia!"

Bi Tufani hakumwita. Alisimama katikati ya shuka chafu za watu wasiomjua, na kitu kikanyooka ndani yake, kuanzia visigino mpaka utosini. Maisha yake yote katika nchi ile yalikuwa ni milango ya watu wengine, na funguo mikononi mwa watu wengine, na yeye kuomba.

"Kaka Mkunjo," akasema, "katika mfuko wako mna bisibisi?"

"Ipo. Ya kukazia mpini."

"Ng'oa bawaba."

"Za nini?"

"Za mlango. Zote. Mlango usiokuwapo haufungwi na mtu."

Mkunjo alimtazama, kisha kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani akatabasamu, akapiga goti penye uchafu na suruali yake nyeupe. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili. Wanawake wakatupa mafurushi, wakaushika mlango pande zote, wakauinua. Ulikuwa mzito kama jeneza la tajiri. Waliutoa nje, wakaulaza juu ya mapipa mawili barabarani, na mmoja wao, bila kuulizwa, akatandika juu yake blanketi la kupigia pasi.

"Washeni moto!" akaamuru Bi Tufani, sauti ikivuka barabara. "Maji yachemke! Na anayetaka kujua kama tumefungua, hana haja ya kubisha!"

Mvuke wa kwanza ukatoka kwa kizingiti kile kisichokuwa na mlango, mweupe, mnene, ukajimwaga barabarani kati ya miguu ya watu.

Ng'ambo, dirishani, Kicheko alikuwa ameyaona yote. Kiganja cha Bwana Dirisha kilikuwa bado wazi mbele yake, kinangoja. Yeye aliutazama ufunguo. Akautazama mlango uliolala juu ya mapipa. Akalitazama pengo lililokuwa mlango.

Kifua chake kikaanza kutikisika. Mabega yakafuata.

Na Kicheko akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kutikisa mabati, kichwa nyuma, ngumi imefumba ufunguo, mpaka beseni la ukutani likagonga msumari wake. Na katika watu wote waliosimama pande mbili za barabara, hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusema alikuwa akimcheka nani.